Darubini ya gobore kwa dola 200: kisa cha mpwa wangu

Siku mbili baada ya msimu wa kuwinda kwa gobore kufungwa kule Ohio, Marekani, Januari ya mwaka jana, mpwa wangu alinitumia picha tatu kwa WhatsApp. Ya kwanza ilikuwa karatasi ya shabaha yenye matundu matano, yametawanyika kama mtama uliomwagwa kwa mkono. Ya pili ilikuwa uso wake mwenyewe: juu ya nyusi ya kulia ana mshono uliopinda kama mwezi mwandamo. Ya tatu ndiyo iliyoninyima usingizi. Theluji tupu, alama za kwato, na matone matatu ya damu.

Chini yake aliandika: "Shikamoo mjomba. Nimemjeruhi mnyama na nimempoteza. Nimemfuatilia kwa tochi mpaka saa nne usiku, theluji ikafukia njia. Nataka kubadili darubini ya bunduki. Nina dola 200 tu. Nisaidie kuchagua."

Mimi siwindi. Ila nimepima ardhi Kanda ya Ziwa kwa miaka 31, na kazi ya mpima ni kuweka jicho kwenye darubini yenye nyuzi za msalaba tangu asubuhi mpaka jua linapokuchwa. Kijana huyu ndiye aliyekuwa akinibebea stendi ya miguu mitatu wakati wa likizo za shule, Sengerema, Magu, mpaka Ukerewe. Alijua anamuuliza nani. Darubini ya bunduki na ile ya theodolaiti, chombo cha mpima cha kupimia pembe, ni ndugu wa tumbo moja: lenzi mbele, lenzi nyuma, nyuzi katikati, na skrubu za kuzisogeza kwa vipimo vya pembe.

Nakiandika kisa hiki kirefu kwa sababu kila anayeniuliza habari za darubini, iwe ya kutazamia mitumbwi, ndege au ya kufunga kwenye bunduki, huanza na swali lile lile: inavuta mara ngapi? Swali hilo ndilo lililomponza mpwa wangu.

Gobore lenyewe

Tusipoijua bunduki tutachagua darubini gizani. Msomaji wa huku akisikia gobore anaona lile la babu zetu. Babu yangu alikuwa nalo la kulindia viazi na mahindi dhidi ya nyani na ngiri: unamimina baruti mdomoni mwa mtutu, unatia kitambaa, unatia marisau, unashindilia kwa mdeki, unaweka fataki, unaomba mvua isinyeshe. Mtutu wake ulikuwa laini ndani kama bomba la maji. Babu hakuwahi kulenga kitu kilicho mbali zaidi ya hatua 40, na alikuwa na akili. Bunduki ya namna hiyo, hata ukiifunga darubini ya mamilioni, haitapiga vizuri zaidi, kwa kuwa marisau yakishatoka yanakwenda yanakotaka. Nalisema hili mapema kwa sababu nimeshaulizwa na mzee mmoja mwenye leseni ya gobore kama anunue darubini. Nilimwambia asinunue. Asafishe mtutu na asogee karibu.

La mpwa wangu ni la kisasa. Bado linashindiliwa kwa mdeki kutoka mdomoni, bado linapiga risasi moja tu kisha unaanza upya, lakini mtutu umechongwa mifereji ya kuzungusha risasi, na fataki inakaa nyuma kabisa, mstari mmoja na baruti. Tundu la mtutu ni inchi nusu. Anatia baruti greni 100 na risasi ya greni 250 (greni ni kipimo kidogo cha uzito) iliyovikwa koti la plastiki. Inatoka kwa kasi ya karibu mita 580 kwa sekunde. Ikilengwa ipige katikati kwenye yadi 100, basi kwenye yadi 50 inapita juu kwa chini ya inchi moja, kwenye yadi 125 iko chini inchi 2 hivi, kwenye yadi 150 inchi 4 au zaidi kidogo, na kwenye yadi 200 imeshuka zaidi ya futi nzima. Hizo namba nilizikokotoa mwenyewe kwa kasi aliyonipa, na baadaye karatasi zake zilikubaliana nazo kwa zile umbali alizopiga.

Sehemu ya kulenga kwenye kulungu wa kule, yule mwenye mkia mweupe kwa chini, yaani moyo na mapafu, ina upana wa inchi 8 hivi. Ukiziweka namba hizo mbili pamoja, jibu limeshaanza kuonekana. Mpaka yadi 125 huhitaji hesabu yoyote: weka msalaba katikati, fyatua. Kupita hapo unahitaji kujua umbali kwa uhakika, na saa ya jioni msituni hakuna aujuaye.

Niliyomuuliza

Bunduki iko Ohio, mimi niko Mwanza. Sikuwa na njia isipokuwa maswali, na nilimwambia ajibu kweli hata kama inaumiza.

Darubini uliyonayo imeandikwaje? 4-16x40, yaani inavuta kuanzia mara 4 hadi mara 16. Aliinunua mtandaoni kwa dola 60, yenye taa nyekundu na kijani ndani. Ulikuwa umeiweka kwenye namba ngapi ulipopiga? Akanyamaza siku nzima. Kisha: "16, mjomba. Nilikuwa nimeiacha hapo tangu siku ya mazoezi." Saa ngapi? Dakika 25 hivi baada ya jua kuzama. Sheria ya Ohio inaruhusu kupiga kulungu mpaka nusu saa baada ya jua kuzama, kwa hiyo alikuwa ndani ya sheria. Umbali? "Kama yadi 120." Uliona nini ndani ya darubini? Hapa alinijibu kwa sauti, sikusoma, nilisikia: aliona kivuli kikubwa cha kijivu, msalaba ukaja ukapotea, akasogeza kichwa mbele kuutafuta, akaupata, akafyatua. Ndipo chuma kikampasua nyusi.

Hapo nilikuwa na kisa karibu chote.

Chukua 40, ambayo ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita, ugawe kwa 16. Unapata 2.5. Huo ndio upana wa duara la mwanga linalotoka nyuma ya darubini kuingia jichoni. Mboni ya kijana gizani hufunguka mpaka milimita 7. Ya mzee wa umri wangu inaishia 5 hivi. Jicho lake lilikuwa limefungua mlango mpana, darubini ikapitisha mwanga kwenye tundu la sindano. Angeirudisha kwenye 4 tu, duara lingekuwa milimita 10, jicho lingejaa mwanga mpaka pomoni, na kichwa kingeweza kusogea kushoto na kulia bila picha kukatika. Ndiyo sababu msalaba "ulipotea": duara lilikuwa dogo mno, na mtu anayetetemeka kwa baridi hawezi kulishikilia.

Na nyusi? Kila darubini ina umbali ambao jicho linapaswa kukaa nyuma yake ili kuona picha nzima. Tuuite nafasi ya jicho. Nyingi za bei chee zina inchi 3, na kwenye namba kubwa hupungua zaidi. Gobore lenye greni 100 lina teke. Bunduki yake ina uzito wa kilo 3 tu, na bunduki nyepesi hupiga teke kali zaidi. Jicho likiwa inchi 3 nyuma ya chuma, na kichwa kimesogezwa mbele kutafuta mwanga, mshono ulikuwa unamsubiri.

Jioni mbili za Capri Point

Mwezi wa Julai alikuja likizo. Hakuja na bunduki wala darubini yake, alikuja na darubini ya macho mawili ya 8x42. Mimi ninayo ndogo ya mfukoni, 10x25, zawadi ya siku ya kustaafu. Nilitaka aone kwa macho yake, maana kijana ukimwambia namba anaitikia tu.

Kabla ya kutoka nyumbani Luchelele nilimfanyia lile ambalo mwalimu wangu alinifanyia chuoni. Unaelekeza darubini angani kweupe, lenzi za mbele juu, kisha unaweka kipande cha karatasi nyembamba nyuma ya lenzi ya jicho na kukisogeza taratibu. Kwenye karatasi kinatokea kiduara cheupe chenye ukingo mkali, kama sarafu ya mwanga. Ukisogeza karatasi mpaka ukingo ukakaa sawa, umbali kutoka kwenye kioo hadi karatasi ndiyo nafasi ya jicho. Upana wa kiduara unaupima kwa rula. Cha 8x42 kilikuwa milimita 5 na kidogo. Cha 10x25 kilikuwa 2 na nusu, sawasawa na kile cha bunduki yake jioni ile. Alikaa akikitazama kile kidogo muda mrefu, karatasi ikitetemeka mkononi. Hakusema kitu.

Jaribio hili halina gharama, na linafanyika dukani mbele ya muuzaji. Darubini ya bunduki inajibu namna ile ile.

Jioni tukaenda Capri Point, upande unaotazama kisiwa cha Saanane. Kisiwa hicho kipo ndani ya jiji na kimekuwa hifadhi ya taifa tangu 2013. Kina pimbi juu ya miamba na swala pala kwenye majani, kwa hiyo mtu wa Mwanza anaweza kujifunza kumtazama mnyama wa kweli kwenye mwanga wa kweli bila kumdhuru.

Ila kulikuwa na jambo moja la hesabu. Mwanza tupo nyuzi 2 na nusu kusini ya Ikweta. Jua letu linazama wima, kama jiwe lililotupwa majini. Ohio iko nyuzi 40 kaskazini, na Januari jua lao linateleza kwa mshazari, linachukua muda kuondoka. Dakika 30 baada ya jua kuzama kule, jua limefika kama nyuzi 6 chini ya upeo. Huku linafika nyuzi hizo hizo kwa dakika 21. Kwa hiyo dakika ya mwisho ya sheria ya Ohio, kwa mwanga, ni dakika ya 21 ya Capri Point. Tukaweka saa.

Jua lilizama saa moja kasoro. Mitumbwi ya dagaa ilikuwa imeanza kutoka, taa zao bado hazijawashwa. Tulimchagua swala mmoja aliyesimama kando ya mwamba ulionyooka, tukawa tunabadilishana darubini. Dakika ya 8 zote mbili zilimwonyesha, na kusema kweli ile ndogo ilimwonyesha mkubwa zaidi, pembe na masikio. Dakika ya 13 ile ndogo ilianza kumchanganya na mwamba. Dakika ya 16 haikuwa na swala tena, ilikuwa na giza lililovutwa karibu mara kumi. Kwa ile ya 8x42 alikuwepo, kichwa chini, anakula. Dakika ya 21 bado ungeweza kusema mbele ni ipi na nyuma ni ipi. Jioni ya pili tulirudia ili tusidanganywe na hali ya hewa. Tofauti na jioni ya kwanza ilikuwa dakika moja tu.

Mpwa wangu akashusha darubini. "Mjomba, mimi ile siku sikujua mbele yake ni wapi."

Sikumjibu. Hakuwa ameniuliza.

Kuchagua

Alikuwa ameandaa orodha kwenye simu. Kwanza nilimtaka asome kanuni za jimbo kabla ya bei, kwa sababu Marekani kila jimbo lina lake. Ohio inaruhusu darubini kwenye gobore. Colorado, kwenye msimu wake wa gobore, hairuhusu darubini inayovuta kabisa. Mtu anaweza kununua kitu kizuri akazuiwa kukitumia. Yeye anawinda Ohio tu, tukaendelea.

Orodha ilikuwa na aina tatu. Kulikuwa na 4-12x50 yenye taa ndani, kwa dola 190. Kulikuwa na 3-9x40 kadhaa, kati ya dola 100 na 200, za chapa wanazozijua kule: Bushnell Banner, Vortex Crossfire II, Leupold VX-Freedom. Na kulikuwa na 2-7x32 ya Vortex ambayo ilikuwa ya bei ndogo kuliko zote za chapa hiyo, na ambayo yeye aliiweka mwisho kwa sababu, kwa maneno yake, "hiyo ni ya watoto."

Ile kubwa ya milimita 50 niliikataa haraka. Lenzi kubwa inalazimisha darubini ikae juu zaidi ya mtutu, shavu linaachana na kitako, kichwa kinaelea, na kichwa kinachoelea ndicho kilichopasuka nyusi. Ni nzito. Na hiyo 50 haikuongezei kitu ukishaiweka kwenye 4, kwa kuwa duara la milimita 12 na nusu linaingia kwenye jicho lenye mlango wa 7; mwanga unaobaki unamwagika shavuni. Taa ya ndani, kwenye bei hiyo, mara nyingi hung'aa kupita kiasi na kumwagia mwanga ndani ya bomba, ukafunga mboni yako wakati unataka ifunguke.

Kulikuwa pia na kitasa cha pembeni cha kurekebisha umbali, ambacho wauzaji hukitangaza sana na ambacho kinaongeza bei. Hapa ualimu wangu wa zamani ulinipanda kichwani, mtaniwia radhi. Mpima yeyote anajua kwamba ukisogeza jicho na msalaba ukatembea juu ya shabaha, nyuzi na picha haviko mahali pamoja. Kwenye theodolaiti hilo ni dhambi. Lakini kwenye gobore hebu tukokotoe. Darubini za bunduki kubwa kwa kawaida hurekebishwa kiwandani kwa yadi 100 au 150. Zile zilizotengenezwa kwa gobore na shotigani mara nyingi kwa yadi 75. Chukua iliyowekwa 100, lenzi milimita 40, jicho limekaa vibaya kabisa ukingoni. Kwenye yadi 50 kosa la juu kabisa ni milimita 10. Kwenye yadi 150 ni milimita 10 vilevile. Upana wa kidole kidogo! Kwa mtu anayelenga sehemu ya sentimita 20, kitasa hicho ni pesa iliyotupwa ziwani.

Niliitilia shaka pia misalaba yenye viduara vya kushusha risasi. Zipo zilizochorwa kwa ajili ya gobore, Leupold wanayo moja, na si kazi mbaya. Lakini viduara hivyo vinategemea kasi ya risasi yako ifanane na ya mchoraji, na kwenye darubini nyingi za bei hii nyuzi zimekaa nyuma ya mtambo wa kuvuta, kwa hiyo vinasema kweli kwenye namba moja tu, kwa kawaida ile kubwa kabisa. Jioni utakuwa kwenye namba ndogo. Na tulishakubaliana hapigi kupita yadi 125. Akachukua msalaba wa kawaida: nguzo nne nene pembeni, uzi mwembamba katikati. Uzi ukipotea gizani, nguzo zinabaki na macho yanajua katikati ni wapi.

Zikabaki mbili, 3-9x40 na 2-7x32. Hapa hatukuafikiana. Mimi nilitaka 2-7. Kwenye 4 duara lake ni milimita 8, limetosha. Ni fupi, nyepesi, inakaa chini kwenye mtutu, na nafasi yake ya jicho ni karibu inchi 4. Yeye alitaka 3-9, ambayo kwenye chapa ile ile nayo inakaribia inchi 4, kwa sababu mazoezini kwenye yadi 100 anapenda kuyaona matundu yake bila kutembea. Hoja yake ilikuwa ya kweli. Mtu anayefanya mazoezi zaidi kwa sababu anaona matundu yake ni bora kuliko mtu mwenye darubini niliyoipenda mimi. Akanunua 3-9x40 kwa dola 130. Nilimpa sharti moja, aliandike kwenye mkanda wa gundi aubandike kwenye kitako: MSITUNI, NNE.

Dola 70 zilizobaki nilimkataza kuzigusa kwa jambo jingine lolote isipokuwa kitako cha chuma cha kufungia darubini, pete zake, na baruti ya mazoezi.

Mahali nilipokosea

Kwenye maelezo yote hayo nilikuwa nimeshaihukumu darubini ya zamani kwamba ndiyo iliyotawanya matundu matano kwenye ile karatasi ya kwanza. Inchi 9 kutoka tundu moja hadi jingine kwenye yadi 100! Nilisema nyuzi zake zinacheza ndani. Nilisema kwa uhakika, kama mtu aliyeiona.

Mwisho wa Agosti, amesharudi, nilimtaka afungue kila kitu mbele ya kamera. Akatoa darubini, akatoa pete. Kisha nikamwambia aweke bisibisi kwenye skrubu za kitako cha chuma, zile zinazofichwa na pete. Ya nyuma ilikuwa imelegea. Aliizungusha kwa vidole viwili bila bisibisi, nami nikaiona ikizunguka kwenye skrini ya simu, pole pole, kama kizibo cha chupa.

Kila teke la bunduki lilikuwa linainua darubini nzima na kuiketisha mahali papya. Tulipoikaza na kuirudisha ile ile ya dola 60, kwa ajili ya kujua ukweli tu, akapiga tatu zikakaa ndani ya inchi 4. Darubini ilikuwa haina hatia kwa kosa hilo. Bado haikufaa kwa jioni na bado ilikuwa karibu mno na jicho lake, kwa hiyo ununuzi haukuwa bure. Lakini laiti ningemwomba aguse skrubu mwezi Januari badala ya kumpa hotuba ya lenzi, tungelijua hilo miezi 7 mapema. Miaka 31 nimewafundisha vijana kwamba kabla ya kulaumu chombo kagua miguu ya stendi.

Siku hizi mtu akinitumia karatasi iliyotawanyika, swali langu la kwanza ni skrubu. La pili ni mtutu, maana baruti za gobore huacha masizi, na asiyepitisha kitambaa chenye unyevu kati ya risasi na risasi hubadilisha mtutu wake kila anapopiga. Masizi hayo hunyonya unyevu wa hewa na kula chuma, na fataki nayo huyarushia tumbo la darubini. Yafutwe siku hiyo hiyo. Darubini yenyewe inakuja ya tatu.

Kuipima mpya bila kuchoma baruti

Skrubu alizisafisha mafuta, akatia tone la gundi ya nyuzi za skrubu, akakaza kwa ufunguo wenye kipimo, si kwa hasira ya mkono. Kisha rangi ya kucha ya mkewe: mstari mmoja mwekundu kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye chuma. Skrubu ikizunguka hata unywele, mstari unakatika.

Kujua kama vitasa vya kusogeza nyuzi vinasema kweli, wengi hupiga mraba wa risasi na kumaliza baruti ya siku nzima. Sisi wapimaji tuna njia ya bei nafuu. Bunduki tupu iliyokaguliwa mara mbili, imefungwa imara kwenye mifuko ya mchanga, inatazama karatasi ya miraba yadi 100 mbele. Kila mlio wa kitasa ni robo ya dakika ya pembe (dakika 60 hufanya nyuzi moja), na dakika moja kwenye yadi 100 ni inchi 1 na nukta kidogo. Milio 24 kulia, uzi unapaswa kutembea inchi 6 na robo. Milio 24 juu, kushoto, chini, na urudi pale ulipotoka. Ulirudi. Kwenye kona moja tu ulibaki nyuma upana wa uzi wenyewe, na kwa dola 130 nilikubali.

Usiku aliilaza kwenye friza ndani ya mfuko, asubuhi akaitoa sebuleni kwenye joto. Nje ikatoa jasho, ndani haikuingia ukungu. Baada ya hapo ndipo akachoma baruti: yadi 50 kwanza, kisha 100, akipitisha kitambaa kila risasi. Septemba na Oktoba alipiga 40 kwa jumla. Karatasi ya mwisho ilikuwa na matatu ndani ya inchi 2 na nusu.

Januari

Msimu wao wa gobore ni siku nne, mwanzoni mwa mwezi. Kati yetu na wao wakati huo kuna saa 8, kwa hiyo jua likizama Ohio huku ni saa saba usiku imepita. Siku ya kwanza nililala na simu kifuani.

Saa nane kasoro dakika kumi ikaita. Alikuwa bado yuko kwenye mti, ananong'ona. Jike alikuwa amesimama ukingoni mwa shamba la mahindi yaliyovunwa, yadi 110 au 130, hakuweza kusema. Darubini ilikuwa kwenye nne. Alimwona vizuri, kichwa upande gani, mguu upi mbele. Lakini tawi lilipita kifuani, na uzi mwembamba ulikuwa umeshazama ndani ya kijivu cha manyoya, zimebaki nguzo. Akamwacha aende.

"Ulimwona, na hukupiga?"

"Nilimwona, mjomba. Ndiyo maana sikupiga."

Siku ya tatu asubuhi alipiga mmoja kwenye yadi 70, kweupe, akaanguka ndani ya hatua 20. Alinitumia picha moja tu, na haikuwa ya mnyama. Ilikuwa ya skrubu ya nyuma, imepigwa karibu kabisa, na masizi yamekizunguka kichwa chake. Mstari mwekundu ulikuwa mzima.